Je, Kemikali Hii Yaleta Saratani?

Fomaldehaidi hutumika katika gundi ya plaiwudi na katika kuhifadhi maiti. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka katika kundi la kwanza: imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu walipima ushahidi kutoka kwa wafanyakazi, wanyama wa maabara na chembe hai za mwili.

Kundi hilo laonyesha uzito wa ushahidi. Halisemi kwamba kila aivutaye ataugua. Hatari hutegemea kiasi na muda. Basi haki yatudai tuulize: ni nani aivutaye kutwa, mwaka hata mwaka? Mwajiri na apime hewa ya kiwanda leo, asingoje mgonjwa awe ndiye ushahidi.