Harusi Isiyoonekana: Kadi ya Grafiki, Seva ya Nyumbani na Jua la Juba

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta, Hai Amarat



Naanza na runinga ya sebuleni kwetu. Shemeji yangu alirudi kutoka harusini Yei na simu iliyojaa video. Tukazihamishia kwenye seva, wazee wakashika viti, watoto wakakaa chini. Nikabonyeza. Ngoma zikasikika, vigelegele vikasikika, kioo kikabaki cheusi tii. Mama mkwe akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ni redio.

Runinga haikuwa mbovu. Simu ilirekodi kwa H.265, kodeki iliyotoka mwaka 2013, na runinga yetu inajua H.264 tu, ya mwaka 2003. Simu za iPhone zimekuwa zikirekodi kwa H.265 tangu 2017, na nyingi za Android hufanya hivyo ukiichagua H.265 kwenye mipangilio, kwa sababu faili hutoka ndogo. Simu ya mgeni inajua lugha mpya, runinga ya mwenyeji inajua ya zamani, na mkalimani ni seva.

Nyumbani natumia Jellyfin, programu huria iliyozaliwa mwishoni mwa 2018 baada ya programu ya Emby, ilikotoka, kufunga msimbo wake. Runinga ikisema haiielewi video, Jellyfin huiita programu ya FFmpeg nayo huanza kazi papo hapo: kuikunjua video picha moja baada ya nyingine, kisha kuikunja upya kwa namna ambayo runinga inaijua. Kwa video ya kawaida ya simu ni picha 30 kila sekunde. Prosesa ikichelewa hata kidogo, bibi harusi anaganda mlangoni.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, kori nne. Niliichomeka kwenye kipimo cha wati. Ikiwa imetulia ilikula wati 18. Nilipoiacha igeuze ile harusi kwa prosesa peke yake ilipanda hadi karibu 80, feni ikavuma kama pikipiki inayopanda mlima, na picha bado ilikwama. Nikaingia kwenye mipangilio ya Jellyfin, nikachagua VAAPI, njia ya kuikabidhi kadi ya grafiki kazi hiyo, nikarudia video ileile. Wati 27, feni kimya, picha inateleza. Sikuwa nimenunua kitu chochote. Kadi ya grafiki ilikuwa ndani ya prosesa ileile tangu siku niliyoileta nyumbani, imelala.

Hapa ndipo wengi tunapopotea, nami nilipotea kabla yenu. Tunadhani kadi hugeuza video kwa nguvu zilezile inazotumia kuchora michezo. Sivyo. Pembeni ya kadi kuna kiwanda kidogo, sakiti iliyojengwa kwa kazi hiyo moja ya kukunja na kukunjua video. Intel walianza kukiweka ndani ya prosesa zao mwaka 2011 wakakiita Quick Sync. NVIDIA walikuja na NVENC mwaka 2012. Kwa hiyo ukubwa wa kadi si hoja kubwa, la kuangalia ni kizazi cha kiwanda chake. GTX 1050 Ti ya wati 75, isiyohitaji hata waya wa ziada wa umeme, ina kizazi kilekile cha NVENC kilichomo kwenye GTX 1080 ya wati 180. Na GT 1030, ya ukoo huohuo na yenye bei inayovutia macho, hukunjua tu. Sehemu ya kukunja haimo kabisa. Mimi niliagiza kadi kutoka Kampala kwa kutazama bei na picha ya boksi, sikusoma jedwali la mtengenezaji, ikafika kwa basi la Nimule ikiwa nzima na haina nilichokitaka. Kosa langu. Sasa inaonyesha picha kwenye kompyuta ya watoto, na inaifanya kazi hiyo vizuri.

Ingekuwa Nairobi, mada ingeishia hapa: chagua kadi, chomeka, kaa kitako. Juba kuna swali lingine, na kwangu ndilo lenyewe. Wati hizo zinatoka wapi?

Mtandao wa umeme wa JEDCO, kampuni inayosambaza umeme Juba, ulifufuliwa mwaka 2019 kwa mtambo wa mafuta wa megawati 33. Nyumba iliyounganishwa hununua umeme kabla ya kuutumia, na mtambo unaochoma mafuta hauuzi umeme kwa bei ya sadaka. Kwa hiyo nyumba nyingi mtaani kwetu zina paneli juu ya bati, na jenereta uani kwa siku mbaya. Tuchukue betri mbili za asidi zilizounganishwa kutoa volti 24, ampea-saa 200. Kwenye karatasi ni wati-saa 4,800. Ukitaka zidumu unatumia nusu tu, yaani 2,400. Sasa seva yenye kadi kubwa ya michezo, inayokula wati 45 hata wakati hakuna anayetazama chochote. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 14, wati-saa 630. Zaidi ya robo ya usiku wenu imeliwa na mashine inayosubiri. Ile ya wati 18 itakula 252. Tofauti hiyo ni feni ya chumbani, na mwezi wa tatu joto la Juba likikaribia digrii 40, hakuna mtu nyumbani kwangu atakayekubali feni izimwe ili seva ipumue.

Ndiyo maana nimeacha kugeuza video usiku.

Betri zetu, siku ya jua zuri, hujaa kama saa sita mchana. Baada ya hapo paneli zinatoa umeme usio na pa kwenda, na kidhibiti chaji kinaukata tu. Nyumbani kwangu huo ndio umeme wa bure pekee. Kuanzia saa sita hadi saa kumi seva inapitia folda ya video mpya na kuigeuza kila iliyo ya H.265 iwe H.264, nakala ya pili kando ya ile ya asili. Usiku runinga inapokea faili inayoijua, seva inaipitisha kama ilivyo bila kuigusa, na kipimo hakipandi wati mbili. Kwa prosesa peke yake, video ya harusi yenye urefu wa saa sita ingekula mchana mzima na kuingia magharibi. Kwa kiwanda cha grafiki saa moja ya video inamalizika kwa takriban dakika tisa, hivyo harusi nzima haizidi saa moja, na jua bado liko juu. Kasi ya kadi kwangu maana yake ni hiyo tu, kumaliza kabla jua halijashuka.

Amri yenyewe ni hii:

ffmpeg -hwaccel vaapi -hwaccel_output_format vaapi -i harusi.mov -vf scale_vaapi=format=nv12 -c:v h264_vaapi -b:v 5M -c:a copy harusi.mp4

Usiliache lile neno la pili, hwaccel_output_format. Ukiliacha, kila picha ikishakunjuliwa inabebwa hadi kwenye RAM, na amri itakugomea au itakulazimu kuirudisha mwenyewe kwenye kadi, wati zikipotea njiani. Kile kipande cha nv12 kinahitajika kwa sababu simu nyingine hurekodi kwa biti 10 na runinga ya zamani inataka 8. Na kama Jellyfin inakataa kadi ambayo amri hii inaikubali, tazama kwanza kama mtumiaji jellyfin ameingizwa kwenye kundi la render. Mara nyingi hajaingizwa.

Kuna na jambo la saa ya mashine inayoanzisha kazi hiyo ya mchana, msicheke. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, na tangu siku hiyo hatuko tena sawa na Nairobi na Kampala. Mashine yangu ilikuwa bado imeandikwa Africa/Nairobi. Kazi ya saa sita ilikuwa ikianza saa tano, betri zikiwa bado na njaa, nami wiki mbili nikizilaumu paneli. Andikeni Africa/Juba.

Nakiri udhaifu mmoja. Kwa ukubwa uleule wa faili, kiwanda cha kadi, hasa cha zamani, hutoa picha hafifu kidogo kuliko x264, programu inayokunja kwa prosesa, ikipewa muda wake. Utauona kwenye vumbi la wachezaji na kwenye maji. Ndiyo sababu nimeweka megabiti 5 badala ya 3, na ndiyo sababu faili ya asili haifutwi. Diski ni rahisi kuliko betri.

Linabaki lile lisilongoja mchana: jamaa aliye nje ya nyumba anayetazama kwa data ya simu, na maandishi ya tafsiri ya Kiarabu yaliyo katika umbo la picha, ambayo seva hulazimika kuyachoma juu ya video yenyewe. Hayo hugeuzwa papo hapo, na kwa mtazamaji mmoja au wawili grafiki ya ndani ya prosesa inatosha. Mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vingi ndiye nitakayemshauri anunue kadi ya pembeni, ya wati 75 au pungufu. Akichukua GeForce ajue mtengenezaji huwekea kikomo idadi ya video zinazokunjwa kwa wakati mmoja. Zamani zilikuwa mbili, mwaka 2024 zikafikishwa nane.

Mashine niliyoieleza iko juu ya meza ile, kipimo cha wati kimechomekwa, na inveta ya ukumbi huu inasema betri zimejaa. Atakayeuliza kwa Kiarabu cha Juba aulize, nitajibu nijuavyo. Nani ana video kwenye simu ambayo runinga ya kwao imeikataa?