KUSOMA PAMOJA NI KUJENGA INCHI
Maneno juu ya masomo ya watu wazima, yaliyosemwa Bel-Air wakati wa Yubile



Tumeombwa kusema juu ya masomo ya watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kusoma walipokuwa watoto. Wengi hufikiri kazi hiyo ni ya herufi tu. Sisi tunaofundisha tunasema: herufi ni mlango, nyumba yenyewe ni ujirani.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, kinatueleza habari za mkubwa mmoja wa Etiopia aliyesoma maneno ya nabii Isaya garini mwake bila kufahamu maana. Filipo hakumfundisha akisimama kando ya njia. Alipanda, akaketi karibu naye. Ndivyo inavyofaa kwa mtu mzima. Yeye amelea watoto, amefanya kazi, anajua bei ya unga na ya gunia la makala.

Basi tunaandika ubaoni neno analolijua: «maji». Tunaligawanya: ma, ji. Tunapata ma, me, mi, mo, mu. Tena ja, je, ji, jo, ju. Wanafunzi wenyewe wanaunda maneno: mama, moja, jua, jamaa. Halafu tunauliza: maji yetu yanatoka wapi? Nani anasafisha kisima? Nani anatunza pesa za kukitengeneza? Hapo mama aliyenyamaza juma zima anafungua kinywa, na mwenzake anamjibu. Siku nyingine wanaandika pamoja barua kwa chifu wa kartie, na kila mmoja anaitia jina lake kwa mkono wake.

Njia hiyo inafanana na ile aliyoitumia Paulo Freire huko Angicos, Brazil, mwaka 1963, kwa wanafunzi wapata 300. Wakati ule sheria ya Brazil ilimnyima kura asiyejua kusoma, na hali hiyo iliendelea mpaka 1985. Kwetu asiyejua kusoma ana kura yake, na Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 44, inasema kwamba kuondoa ujinga wa kusoma ni wajibu wa taifa. Lakini mwaka ule ule karatasi ya kumchagua Rais ilikuwa na wagombea 33. Picha zilisaidia, hata hivyo picha haielezi mtu anaahidi nini. Wala haimsomei mjane hati ya kiwanja kabla hajatia kidole.

Ndugu wapendwa, kusoma peke yake hakutoshi. Mji wetu, tangu 1910, ni mji wa watu waliotoka pande nyingi. Tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, na jirani akamkana jirani. Wanasiasa waliochochea chuki ile walikuwa watu wa kusoma. Kwa sababu hiyo, katika kalasi Mubemba, Musanga, Mulunda, Muluba wa Katanga na Muluba wa Kasai wanakaa benchi moja, wanasoma katika Kiswahili kisicho mali ya kabila moja. Aliyekusaidia kushika kalamu, utamwitaje mgeni?

Mwaka 1976 Askofu Mkuu wetu, Eugène Kabanga, aliwaandikia wakristu barua ya Kwaresima iliyoitwa «Je suis un homme», yaani: Mimi ni mtu. Mwenye kuandika jina lake mara ya kwanza anasema neno lilo hilo. Na akiliandika chini ya jina la jirani yake, anasema: sisi ni watu wa inchi moja.

Tunawaomba basi: Mababa, waachieni wake zenu saa za masomo. Vijana mliosoma, toeni jioni mbili kwa juma. Mapadri, mtufungulie chumba na mtuombee.

Mungu abariki Yubile yetu.