Transfoma ya Fezi Tatu: Yaweza Kutoa Ampea Ngapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kangeta, Meru



Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki hapa Kangeta. Lakini stima imefika, na wengi wenu mnakula kwa sababu yake: wa mashini za kusaga unga, wa kuchomelea vyuma, na mafundi wa kuvuta waya. Nimeombwa nieleze mzigo ambao transfoma yaweza kuchukua. Hesabu yake si ngumu. Aliyefundishwa kuzidisha na kugawanya ataiweza.

Kila transfoma ina kibao. Juu yake pameandikwa herufi kVA, yaani kilovolti-ampea, pamoja na nambari kama 50, 100 au 200. Hiyo ndiyo nguvu yake yote. Hapa Kenya transfoma za namna hii hupokea volti 11,000 au 33,000, na hutoa volti 415 kati ya fezi na fezi, au 240 kati ya fezi moja na nyutro.

Fezi tatu ni kama watu watatu wanaotwanga kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kwa kuwa haziendi pamoja, volti kati ya fezi mbili si 240 mara mbili, bali 240 mara 1.73, yaani 415. Nambari hiyo 1.73 msiisahau.

Basi tuhesabu. Transfoma ni ya 50. Zidisha kwa 1,000, upate 50,000. Kisha zidisha 415 kwa 1.73, upate kama 718. Gawanya 50,000 kwa 718, jibu ni karibu 70. Hizo ni ampea 70 kwa kila fezi. Ukitaka kuhakikisha, gawanya 50,000 kwa 3, halafu kwa 240. Utafika karibu pale pale. Transfoma ya 100 hutoa ampea 139 kwa kila fezi, na ya 200 hutoa 278.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Behewa la reli lina uzani wake ulioandikwa ubavuni. Ukiurundika mzigo wote upande mmoja, uzani wa jumla ni halali, lakini ekseli moja imezidiwa, na behewa laweza kuanguka. Transfoma ni vivyo hivyo. Haitoshi kujumlisha mzigo wote. Hesabu kila fezi peke yake.

Chukueni mfano. Soko lina transfoma ya 50. Kuna mashini mbili za kusaga zenye mota za fezi tatu za nguvu-farasi 15, na kila moja yavuta kama ampea 20 katika kila fezi. Hizo ni 40. Maduka nayo yamefungwa hivi: ampea 40 katika fezi nyekundu, 10 katika manjano, 5 katika buluu. Jumla ya nyekundu ni 80, manjano 50, buluu 45. Zote pamoja ni 175, na transfoma yaweza kutoa 210. Mtu atasema nafasi ipo. La! Nyekundu imepita 70. Waya zake zinapata moto, mafuta yanapata moto, na karatasi inayozikinga inaungua polepole. Kila joto likizidi kwa digrii sita mpaka nane, maisha ya karatasi hiyo hupungua nusu.

Dawa yake si lazima transfoma mpya. Gawanyeni ampea 55 za maduka sawasawa, na kila fezi itabeba kama 58. Mzigo ni ule ule, na transfoma inapumua.

Kumbukeni pia kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano mpaka saba kwa muda mfupi. Basi mashini mbili zisiwashwe pamoja. Na fyuzi ikikatika, usitie waya mnene mahali pake. Fyuzi imekatika kwa sababu.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msimamizi aliye ofisini hasikii joto la transfoma. Akikuambia uongeze mota ya tatu, usimjibu kwa hasira. Omba ampea za kila fezi zipimwe na fundi mwenye ruhusa. Wewe usipande nguzo. Andika nambari tatu kwenye karatasi, na kando yake andika ile ya kibao. Akikataa, ilete karatasi hiyo kwa katibu wa tawi. Chama chaweza kusimama juu ya hesabu kuliko juu ya manung'uniko, maana transfoma ikiungua, tajiri hupoteza mali, lakini mfanya kazi hupoteza mshahara, na pengine maisha.

 Aliye na swali na aulize.