Unene na Upasuaji wa Mgongo
Maneno kwa vikundi vya kujisaidia, Garissa

Mmetuuliza: wanakikundi wakichanga pesa wampeleke mwenzao mwenye mgongo uliopinda, je, daktari anaweza kumrudisha ati ni mnene? Ndiyo, anaweza kumwambia angoje kwanza.

Kunyoosha uti wa mgongo wa mtu mzima ni kazi ya saa nyingi. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, hupasuliwa, na vyuma hufungwa kwa skrubu kwenye mifupa. Kwa mnene daktari hukata kwa kina zaidi, na mafuta hayana damu nyingi ya kuponya kidonda, basi usaha huingia upesi. Damu huweza kuganda miguuni. Vyuma navyo hubeba mzigo mkubwa. Wagonjwa wa namna hii waliofuatiliwa ng'ambo walionyesha hivyo: wanene walipata matatizo mengi zaidi. Lakini wengi wao walipata nafuu pia. Kwa hiyo asikate tamaa.

Mnene ni nani? Mama wa urefu wa mita 1.60 akifika kilo 77, madaktari humhesabu mnene kupita kiasi. Hapa kwetu tunasema ameneemeka! Alipofuata mbuzi na ngamia alitembea siku nzima. Akihamia mjini anakaa, na sukari ya chai ni ile ile. Tena mgongo ukiuma, atatembeaje? Maumivu humkalisha, kukaa humnenepesha. Msimcheke. Anzeni na sukari na mafuta ya kukaangia. Maharagwe, maziwa na nyama isiyo na mafuta asinyimwe, maana kidonda hakifungi kwa njaa. Apimwe sukari ya damu na presha mapema. Sigara aache kabisa, huzuia mifupa kuungana.

Kuna wasiopaswa kungoja. Miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, au mkojo usizuilike, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kibyongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mgongo. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali, na wengi hupona bila kupasuliwa.

Sasa pesa. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, na safari si moja. Wekeni nauli ya kwenda kupimwa, ya msaidizi, na ya kurudi kuangaliwa kidonda. NHIF iliondolewa mwaka 2024. Ulizeni SHA italipa kiasi gani kabla hamjauza mbuzi.