Umaarufu, Pesa na Mikataba Miwili



Leo tuongee kuhusu kodi. Najua wengine mshaanza kucheka: kodi ni ya matajiri wa Nairobi, sisi wa Kitui na Makueni yatuhusu nini? Hebu nisikizeni.

Mwaka 2018 serikali ya China ilimbana mwigizaji mashuhuri, Fan Bingbing. Kosa lake lilikuwa mikataba miwili: mmoja wa pesa kidogo, wa kuonyesha serikali; wa pili wa malipo ya kweli, wa kuficha. Yeye na kampuni zake wakaamriwa kulipa yuan zaidi ya milioni 880. Shakira naye, Novemba 2023 huko Barcelona, alikubali faini ya zaidi ya euro milioni 7 kumaliza kesi yake.

Na hapa kwetu? Novemba 2021 mkuu wa KRA wakati huo, Githii Mburu, alisema maofisa wake wanaangalia mitandao ya kijamii kuwaona wanaojionyesha kwa magari na majumba. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka makato ya asilimia 5 kwa mapato ya wanaotengeneza video na maudhui ya mtandaoni.

Basi wewe unayepiga benga Wote, unayekuwa MC wa harusi Emali, au una chaneli ya YouTube hapo Kitui mjini, yakuhusu. Nunua daftari. Andika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Jaza ritani kabla ya Juni 30. Ukichelewa, faini yaanzia shilingi 2,000.

Utaniambia, "Lakini pesa zetu zinaibwa!" Haya, tudai hesabu. Lakini asiyelipa atadai kwa mdomo gani? Katiba ya 2010 inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Humo ndimo mna dawa za hospitali na visima vyetu, na ukame tunaujua. Wala usiseme nishatoa zaka. Zaka ina watu wake wanane. Haifuti deni la kodi.

Mfungaji akiwa peke yake chumbani, na jua hili la Ukambani, maji yako mbele yake. Hakuna amwonaye, na hanywi. Kijana anayeweza hilo atashindwaje kuandika mkataba mmoja tu, wa kweli?

Wabillahi tawfiq.