Kuondoa Mvumo na Kuhifadhi Kaseti za Kale

Wasikilizaji wetu watukufu wa Daraja Mbili na viunga vya Mlima Meru, wengi wenu mngali na kaseti zenye nasaha za wazee, hotuba za arusi, na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Na maadamu utepe hudhoofika kadiri miaka inavyopita, ni wajibu kuzihamishia sauti hizo kwenye kompyuta kabla hazijatoweka.

Aghalabu kazi hiyo huharibiwa na mvumo mzito usiokoma. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na amplifaya na kompyuta zikichomekwa katika soketi mbalimbali zenye ethi, mkondo hafifu hupita baina yake kwa njia ya waya wa sauti, nao ndio usikikao katika spika. Basi chomekeni vyombo vyote katika ekstensheni moja. Au, lililo sahali zaidi, iacheni kompyuta mpakato itumie betri yake wakati wa kunakili. Wala msithubutu kukata waya wa ethi, kwa kuwa huo ndio ulinzi wa roho zenu.

Kadhalika, safisheni hedi ya deki kwa pamba iliyolowa spiriti, mkaiache ikauke. Hifadhini sauti katika faili la WAV, lisilopunguza chochote, kisha wekeni nakala ya pili katika nyumba nyingine. Anzeni leo na kaseti ambayo mwenye sauti yake hayupo tena duniani.