Tarehe Mosi Julai Haimngoji Mkulima

 

Leo naanzia mbali, Marekani. Huko kuna kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza mlio: kiwambo cha sauti. Tangu mwaka 1934, raia aliyetaka kununua kimoja alitozwa kodi ya dola 200, kama nusu milioni ya kwetu leo, na kifaa chenyewe kikasajiliwa serikalini. Tarehe 4 Julai 2025, Rais Donald Trump alisaini sheria ya kuishusha kodi hiyo hadi sifuri, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Fomu, alama za vidole na usajili vikabaki palepale.

Wawindaji wakaanza kupiga hesabu: ninunue sasa au nisubiri Januari? Wenye maduka nao, kwa kuona wateja wanarudi nyuma, baadhi wakajitolea kuwalipia ile kodi ili mauzo yasisimame. Kila mmoja alikuwa na karibu miezi sita ya kufikiri.

Najua kiwambo cha sauti si jambo la kutajwa kwa mzaha hapa wilayani kwetu Kibiti, Tanzania. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa risasi wilayani humu, na katika kipindi kile wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Bunduki isiyosikika hatuihitaji. Hata mkulima wa delta ya Rufiji anayelala dunguni usiku kucha kuulinda mpunga na nguruwe pori hana kazi nayo. Yeye silaha yake ni kelele. Anapiga debe, anapiga ukelele, jirani wa dungu la pili anaitikia, mpaka kunakucha. Kwa hiyo kifaa chenyewe tuwaachie wenyewe. Kilichonivutia mimi ni ile miezi sita.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 15 Juni 2023, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti bungeni Dodoma. Mojawapo ya mapendekezo yake ni ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ushuru ukaanza tarehe 1 Julai. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: kutoka hotuba hadi utekelezaji ni kama wiki mbili tu.

Wiki mbili hizo zilimfaa nani? Katikati ya Juni mkulima wa mpunga bondeni yuko shambani. Mwingine anavuna, mwingine anapura, mwingine bado anatafuta gari la kumfikishia magunia sokoni. Fedha mkononi hana. Atakapozipata, Julai imeshaingia na bei mpya iko dukani. Aliyefaidi ni mwenye ghala na akaunti iliyonona, aliyeweza kujaza stoo mwezi Juni kwa bei ya zamani na kuuza Julai kwa bei mpya.

Utaniambia mkulima angekopa akanunua mapema. Saruji hiyo aiweke wapi? Mfuko unaoshushwa pwani Nyamisati unapakiwa mashuani, unasubiri maji yajae, unapita katikati ya mikoko, ndipo ufike kisiwani. Huko hewa yenyewe ina chumvi na unyevu. Ukiuweka mfuko sakafuni bila chaga wala turubai, baada ya miezi michache unapasua karatasi unakuta jiwe. Aliyekimbilia kuokoa shilingi 1,000 amepoteza mfuko mzima.

Mwaka 2024 tuliona gharama ya ushuru huo. Mwezi Aprili Mto Rufiji ulifurika, mashamba yakazama, na ng'ambo ya pili ya mto kule Muhoro watu wakahama nyumba zao. Aliyekuja kujenga upya kwa mifuko 60 alibeba ushuru wa shilingi 60,000. Mafuriko hayakumpa nafasi ya kuchagua mwezi wa kununua.

Na kodi ikishuka? Mwaka 2021 simu janja ziliondolewa VAT. Mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Aliyekuwa akidunduliza kidogo kidogo alifika dukani wakati mlango umeshafungwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi ni huu. Usiiache tarehe ya kodi ikupangie manunuzi. Jiulize kwanza: nikisubiri, hasara yangu ni nini? Kama paa linavuja na masika yako mlangoni, ezeka. Kama kitu kinaharibika ghalani, usikilimbikize kwa hofu ya Juni. Na kodi ikipungua, kumbuka kwamba nauli ya mashua, faida ya muuzaji na bei ya kiwandani hazikutajwa kwenye hotuba.

Lakini mzigo huu si wa mnunuzi peke yake. Serikali inaweza kusema kwamba ikitangaza kodi mapema, watu watajaza maghala na mapato yatapotea. Kwa vinywaji na sigara hoja hiyo ina uzito. Kwa saruji uzito huo ni mdogo, maana saruji haikai muda mrefu ghalani. Bidhaa ya kujengea nyumba ya mtu wa kawaida inaweza kutangazwa Juni na kutozwa Oktoba, mpunga ukiwa umeshauzwa, bila Hazina kutetereka.

Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa bungeni kila Juni, na kabla ya hapo wadau huitwa kutoa maoni kwenye kamati. Wabunge wetu wa Kibiti na Rufiji waende na ombi hili moja: ushuru wowote unaogusa saruji, mabati na nyavu upewe miezi mitatu kabla ya kuanza kutozwa. Nanyi wasikilizaji, diwani akiitisha mkutano kabla ya bajeti ijayo, mwambieni aliandike kwenye muhtasari, lisomwe, na lifike Dodoma.